Miaka miwili ya kuishi kinyumba haileti ndoa yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie imani iliyoenea sana kwamba mwanamume na mwanamke wakishaishi pamoja miaka miwili (wengine hudai hata miezi sita yatosha), basi sheria imekwisha kuwaozesha na kila mmoja anazo haki zote za mke au mume. Wanaoiamini huugundua ukweli wakiwa tayari mahakamani, au wakiwa wameshatolewa vyombo nje.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema kwamba, ikithibitishwa kuwa wawili hao wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi katika mazingira yaliyowafanya watambulike kuwa mume na mke, itachukuliwa kuwa walioana, isipokuwa dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Hesabu ya miaka peke yake haimsaidii mtu. Sharti wapatikane majirani, ndugu au kiongozi wa mtaa wa kueleza kwamba waliwajua kama wanandoa, na anayepinga naye ana haki ya kuleta mashahidi wake. Tena, ikiwa mmoja wao alikuwa tayari na ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, dhana hiyo haisimami, hata kama wameishi pamoja miaka ishirini.

Dhana ikikanushwa, kifungu kidogo cha pili hakimwachi mwanamke mikono mitupu: anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine, ikiwamo amri kuhusu nani akae na watoto. Mali iliyochumwa kwa pamoja nayo huweza kugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ile hoja ya "huyu hakuwa na mshahara" imepoteza nguvu.

Huo ni ulinzi wa maana, ila huja uhusiano ukishavunjika, na kwa maoni yangu kasoro kubwa iko kabla ya hapo. Kifungu cha 59 kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa wanaoishi kinyumba, mnunuzi au benki hukuta hati yenye jina moja, na mwenye jina akiapa kwamba hajaoa, ni nani atakayekwenda kumuuliza aliyemo ndani? Kwenye mirathi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu aliyebaki hulazimika kuthibitisha ndoa mbele ya ndugu wa marehemu wasiotaka kusikia habari zake, ilhali shahidi wake mkuu ndiye aliyezikwa. Watoto wana afadhali, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba dhana ya ndoa itumike kwa nadra tu, lakini ikagawa mali iliyobishaniwa kwa kuzingatia mchango wa kila upande, na ikapendekeza itungwe sheria mahususi kwa watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu. Bunge letu lingefaa kuichukua hoja hiyo na kutenganisha madai ya mali na swali la kama watu hao walioana au la. Hapo ndipo pia lingeweza kurekebisha kifungu kidogo cha pili cha kifungu cha 160, ambacho haki ya kuomba matunzo yake mwenyewe kinampa mwanamke peke yake, kana kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kumtegemea mwenzake. Watakaosema kwamba hatua hiyo inahalalisha uzinzi wana haki ya kushika imani yao, lakini mgawanyo wa tofali na mabati si ibada, na sheria yenyewe imekuwa ikiwatambua watu hawa tangu 1971.

Wakati hilo likisubiriwa, wanaoishi kinyumba waandikishe majina yote mawili kwenye mkataba wa mauziano siku ile ile wanayonunua kiwanja, wakiwa bado wanapendana, na kila mmoja atunze stakabadhi za alichokitoa.

Msomaji wenu,
Tanzania