Chuo cha ualimu kianze na shule ya mazoezi

Mhariri,

Kila chuo cha ualimu kinapopanuliwa, kinachotajwa kwanza ni ukumbi mpya wa mihadhara. Mimi ni mkufunzi, na kumbi hizo nazifahamu: viti vimepigiliwa sakafuni, vyote vimeelekea mbele. Humo ndimo tunamfundisha mwalimu mtarajiwa kupanga darasa katika vikundi, ilhali yeye mwenyewe hawezi kugeuza kiti azungumze na mwenzake wa nyuma.

Nawaomba wanaopanga majengo watangulize shule ya mazoezi, ndani ya uzio wa chuo, yenye watoto, kengele na daftari la mahudhurio. Jambo hili si geni. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule ya kujaribia mbinu za kufundishia katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na huko Ufini vyuo vikuu vinavyoandaa walimu vina shule zao hadi leo. Mwanachuo humtazama mwalimu mzoefu leo, kesho akashika chaki yeye, na mkufunzi yupo hatua chache tu. Lakini anapopelekwa mbali kwa wiki kadhaa, mkufunzi humfikia mara moja au mbili, akajaza fomu ya tathmini, akaondoka.

Nimewaona wengi wenye andalio la somo safi kabisa wakisimama mbele ya watoto na kuandika ubaoni huku wamewapa mgongo. Maandishi yanapanda juu, sauti inaishia ukutani, na wakigeuka nusu ya darasa haiko nao tena. Kosa hilo haliondoki kwa mhadhara hata uwe mzuri vipi. Huondoka kwa kufundisha tena somo lile lile, mapema, kabla halijawa mazoea.

Kama fedha za shule hazijapatikana, kiwepo walau chumba kimoja chenye ubao, meza za kuhamishika na kamera. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza mtindo huo miaka ya 1960: mwanachuo anafundisha stadi moja kwa dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, anajitazama kwenye video, anarudia. Siku hizi hata simu inatosha kurekodi. Ila chumba hicho kisifungwe kikisubiri wageni na wakaguzi. Kiwe wazi hadi jioni, wakati wanachuo wana nafasi ya kufanya mazoezi.

Na kabla ramani ya jengo lolote haijapitishwa, wanachuo na walimu wanaowapokea shuleni waitwe waione.

Mkufunzi wa ualimu