Mashujaa wetu mtawavisha polista mpaka lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na uniwie radhi mapema maana najua mnapenda barua fupi ila hili jambo halifupiki. Mi ni fundi wa maleba huku Tanga, nashonea maigizo ya shule, vyuo na vikundi vya ngoma, na kila msimu wa maonyesho ukifika kuna kitu kilekile kinanikera. Igizo linasema tupo Pate, kisiwa cha huko Lamu, enzi za kale, Fumo Liyongo anaingia na upinde wake, ukumbi mzima makofi na vigelegele, halafu ukimtazama kiunoni kafungwa skafu ya polista inayong'aa, lebo bado inaning'inia, na mama yake nyuma kajifunga kanga yenye jina! Jamani. Kanga zenyewe zimeanza nusu ya pili ya karne ya 19, na hayo majina ya kanga ni mambo ya karne ya 20. Mama Liyongo aliipata wapi, kwa nani?

Nikiuliza naambiwa hela hamna, na vitu vya kufuma kwa mkono nani anavijua siku hizi. Hapo ndo nabisha na ndo sababu ya kuandika. Shali, mahazamu (ile nguo ya kuzungushia kiunoni), mkanda wa jambia, ukingo wa joho, vyote hivi unaweza kuvifuma nyumbani bila mashine yoyote, na vifaa vingi tayari viko ndani mwako. Nasema kufuma kwa mtande na mshindio lakini, nyuzi za urefu na za upana zinazopitana, sio kroshia ya vitambaa vya kochi, hiyo ni fani nyingine na ina wenyewe.

Wengi wanadhani kufuma nguo ni mambo ya Wahindi na Waarabu, sisi tulikuwa wa kununua tu. Si kweli hata kidogo. Pale Kilwa Kisiwani, mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960, alikuta vigae vya vyungu vilivyovunjika vimechongwa duara na kutobolewa katikati, hivyo ndo vilikuwa vizito vya kusokotea uzi wa pamba, yaani mtu chungu chake kimepasuka hatupi, anapata kifaa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipopita pwani hii mwaka 1331 alisema Mogadishu kunafumwa nguo zisizo na mfano na zinapelekwa mpaka Misri. Na yeye mwenyewe alivalishwa huko, kaeleza kila kitu, shuka ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani ya Misri, joho la juu, na kilemba cha Misri chenye nakshi. Waongozaji wa maigizo, mavazi hayo hapo yameshaandikwa tangu karne ya 14, mnahangaika na picha za kwenye simu za nini?

Pate nayo ilijulikana kwa nguo zake za hariri, Wareno walizinunua kwa ajili ya biashara yao. Na bara vilevile, msafiri Mwingereza Burton alipita Unyamwezi mwaka 1857 akakuta watu wanafuma pamba kwa kitanda cha mfumi, yaani kile kifaa cha kukazia nyuzi, kimelazwa chini, na Wafipa kule Rukwa waliendelea na nguo zao mpaka karne ya 20 inaanza. Kilichokuja kuwaumiza mafundi ni merikani, ile pamba nyeupe ya viwandani ya kutoka Salem, Massachusetts, iliyomwagika Zanzibar hasa baada ya Sayyid Said kutiliana mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Bei rahisi, roli kwa roli, nani atakaa kusokota tena.

Ila habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Sofala, huko Msumbiji ya leo. Mreno mmoja Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba Waswahili wa kule walikuwa wanafuma pamba yao nyeupe, rangi hawana, basi wanachukua nguo za buluu zilizotoka Cambay India wanazifumua uzi kwa uzi, kisha wanazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe wanapata nguo ya mistari. Nilipoisoma hiyo nikacheka peke yangu, maana ndo ninachofanya na masweta ya mtumba!

Basi tuanzie hapo hapo kwenye sweta. Ukienda mnadani usichukue sweta lolote, ligeuze ndani uangalie mshono wa ubavuni. Kama limekatwa na kupigwa ovaloki achana nalo, ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi visivyo na maana, unalotaka ni lile ambalo kila kipande kimefumwa kwa umbo lake halafu vikaunganishwa, mshono wake unaonekana kama mnyororo, ukikata fundo moja linaachia lote na uzi unatoka mrefu mpaka unachoka wewe. Soma lebo pia, tafuta pamba. Sufu ni nzuri kwa skafu ya kwenda nayo Mbeya au Arusha Julai, lakini mwigizaji wa Pate ukimfunga sufu atalowa jasho kabla ya onyesho la pili, na wala haifanani na nguo za pwani. Uzi ukishaufumua unakuwa na mawimbi, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usichanganyikane, loweka maji ya uvuguvugu, halafu utundike na chupa ya maji ining'inie chini yake mpaka ukauke. Unanyooka vizuri kabisa.

Sasa kifaa. Mi natumia kitana, kile cha kutenganisha nyuzi za mtande, cha vijiti vya aiskrimu, vile vya mbao bapa, steshenari wanauza pakiti. Chukua vijiti 16, kila kimoja kitoboe katikati kwa msumari uliopashwa moto (taratibu, visipasuke) na tundu lipige msasa, tundu likiwa na makwaruzo uzi utakatika katikati ya kazi na utatukana. Vipange wima sambamba, acha upenyo wa milimita 2 au 3 kati ya kijiti na kijiti, ugundishe juu na chini kwa vibanzi viwili vya mbao. Hapo una matundu 16 na mapenyo 15, nyuzi 31 kwa jumla, na hiyo inakupa upana wa kama sentimita 20 ukitumia uzi mnene au mwembamba uliokunjwa mara mbili. Kwa shali ya mita moja na nusu kata nyuzi za mita 2.3 kila moja, usibanie, maana nyuzi zinajikunja kwenye kufuma, kuna matamvua, na kuna kile kipande cha mwisho ambacho hakifumiki. Kwa mahazamu ya kuzunguka kiuno mara mbili na ncha zining'inie, fanya nyuzi ziwe mita 3 na nusu.

Uzi mmoja kwenye tundu, unaofuata kwenye upenyo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ncha za upande mmoja zifunge pamoja kwenye nondo za dirisha, za upande wa pili kwenye fimbo, na fimbo unaifunga kiunoni kwa kanga (hapo kanga ina kazi yake!). Ukiegemea nyuma nyuzi zinakaza, ukisogea mbele zinalegea, mwili wako ndo kitanda. Ukiinua kitana nyuzi za matundu zinapanda za mapenyo zinabaki, njia inafunguka, pitisha mshindio, shusha uupige na kitana chenyewe. Ukikishusha kitana njia ya pili inafunguka, pitisha kurudi. Basi ni hivyo tu, juu chini juu chini, hata mtoto wa darasa la nne anaweza, na wakishika mdundo huwatoi hapo.

Kinachowashinda wanaoanza ni kingo. Unaanza na sentimita 20, ukifika katikati zimekuwa 14 na shali ina kiuno cha nyigu. Sababu ni kuuvuta mshindio moja kwa moja ukazane. Usiuvute, uulaze kwa upinde, uinuke katikati kama kilima kidogo, ndo uupige, ule urefu wa ziada ndo unaokwenda kupita juu na chini ya nyuzi zote. Na mstari wa kubadilisha rangi usiuanzie ukingoni kwa fundo, ukunje mkia wa uzi uurudishe ndani ya njia hiyohiyo upotee humo.

Matamvua yanayobaki ncha zote mbili usiyaache hivi hivi kama nywele za mtu aliyeamka. Chukua mafungu mawili ya nyuzi, yasokote yote mawili kuelekea kulia mpaka yakaze, uyaunganishe, uyaachie yajisokote yenyewe kuelekea kushoto, funga fundo mwisho. Wasokota kamba za makumbi wanalijua hili toka zamani. Ukiangalia kikoi kizuri ncha zake ndo hivyo hivyo, na mtazamaji hata kama hajui kitu, jicho lake linaona tofauti ya hiyo na ile pindo ya mashine.

Kwa mikanda myembamba, ukingo wa joho, mkanda wa kushikia ala ya jambia, kuna njia nyingine ya karata, na sitanii, karata hizi hizi za kuchezea albastini, hasa pakiti iliyopungua ambayo haichezeki tena. Zikate mraba, toboa kila kona, matundu manne, kila tundu uzi mmoja. Karata 16 zinakupa nyuzi 64 na mkanda wa sentimita kama 3 kwa uzi wa kroshia. Zishike zote pamoja, zizungushe robo mzunguko, pitisha mshindio, gonga na rula, robo tena, pitisha. Karata moja nyuzi ziingie kutokea kushoto, ya pili kutokea kulia, la sivyo mkanda wote utajipinda. Na nyuma ya karata nyuzi zitakuwa zinajisokota kila ukizungusha, usipaniki, zikikaza sana anza kuzungusha kinyume zitajifungua zenyewe. Ukitaka mistari ya urefu weka rangi moja kwenye matundu yote manne ya karata, ukitaka vidoti changanya, kaa ucheze nazo uone. Njia hii si ya kwetu, kule Norway kwenye jahazi la kaburini la Oseberg la mwaka 834 walikuta vibao 52 vya namna hiyo, kazi bado ipo nusu njiani. Ila mkanda mwekundu na mweusi wa karata ukiushonea kwenye kilemba au pindo la kikoi, ukasimama kiti cha tatu kutoka mbele, unaona taraza, ule ukingo wa nakshi, huoni karata.

Sasa najua kuna atakayesema kwenye jukwaa nani anaangalia mkanda. Mi nasema taa ndo zinaangalia. Polista chini ya taa inarudisha mwanga ule mweupe mkali, mwigizaji akigeuka inamulika watu machoni, lakini pamba ya mkono inameza mwanga na inakunjika kwa uzito wake. Hata mwigizaji mwenyewe anabadilika, akishafungwa mahazamu mazito mgongo unanyooka bila kuambiwa na mwongozaji. Na rangi nazo, jamani punguzeni ile pinki ya chooni, nyeupe, nyeusi, buluu ya nili na nyekundu iliyokolea vinatosha kabisa igizo zima.

Kwa majirani zetu hii kazi haijafa. Mogadishu bado kuna mafundi wa nguo za Benadir wanaofuma wamekaa miguu ikiwa shimoni, Ethiopia netela zile nyeupe nyepesi za mabegani zinafumwa kwa mkono na watu wanazivaa kila Jumapili, wala si za makumbusho. Sisi mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umetuletea mkondo wa amali sekondari na ushonaji umo, vizuri sana, lakini shule nilizopita mimi mtoto anaanzia kwenye cherehani, na cherehani ni moja kwa watoto wengi, wengine wamekaa wanasubiri zamu wanapiga stori. Walimu wapeni hao wanaosubiri vijiti vya aiskrimu na sweta bovu. Mwisho wa muhula mna shali za igizo la shule na hamjamwomba mzazi hata mia.

Mhariri, nina maombi mawili nimalize. La kwanza, kama mtaniruhusu, niwaletee mchoro wa kile kitana mkiweke kwenye ukurasa wa vijana, kwa maneno tu najua wengine wataishia njiani. La pili ni kwa wasomaji wa Sumbawanga na Nkasi. Kama kwenu kuna mzee ambaye baba au babu yake alikuwa akifuma zile nguo za pamba za Kifipa, na kuna fimbo, kibao au kipande chochote cha kile kitanda kimebaki darini, msikichanje kuni. Kipigeni picha na rula pembeni ili vipimo vionekane, mwulizeni mzee kila kijiti kilikuwa kinaitwaje na kinakaa upande gani, muandike humu humu gazetini. Nitakitengeneza kingine kama hicho na nitaleta majibu.

Fundi wa maleba,
Tanga