Udikteta hupitia bungeni kabla ya kufika barabarani

Ndugu Mhariri,

Kila demokrasia inapoanguka, magazeti hututafutia picha za vifaru na askari wakisoma tangazo la mapinduzi. Mapinduzi ya namna hiyo yapo bado. Niger iliyaona mwaka 2023. Lakini tukikodolea macho kambi za jeshi peke yake, tutachelewa. Watawala wengi wa kimabavu wa zama hizi waliingia kwa kura, na kilichowawezesha kubaki ni sheria zilizopitishwa mchana kweupe.

Tuanze na Ujerumani, maana kisa chake husimuliwa vibaya. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 chama cha Nazi cha Adolf Hitler kilishuka hadi asilimia 33 ya kura, kutoka asilimia 37 ya Julai. Hakikuwa na wingi bungeni. Waliomfungulia mlango ni watu wa ndani ya serikali: Franz von Papen, chansela wa zamani, na wahafidhina wenzake walimshawishi Rais Paul von Hindenburg amteue Hitler kuwa chansela, yaani mkuu wa serikali, wakiamini kwamba katika baraza lenye Wanazi watatu tu wangeweza kumdhibiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Hitler aliapishwa Januari 30, 1933. Bunge likateketea kwa moto Februari 27, na kesho yake amri ya dharura ikafuta uhuru wa magazeti na wa kukusanyika. Machi 23 wabunge, kwa kura 444 dhidi ya 94, wakaipa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila wao. Kufikia katikati ya Julai kilibaki chama kimoja.

Linaloniuma zaidi katika habari hii ni kwamba silaha aliikuta mezani. Kifungu cha 48 cha katiba ya 1919 kilimruhusu rais kutoa amri za dharura, na tangu 1930 serikali ya Chansela Heinrich Brüning ilikitumia tena na tena, hata kwa mambo ya bajeti, kwa sababu vyama havikuelewana bungeni huku watu wasio na kazi wakizidi kuongezeka. Brüning hakuwa dikteta. Lakini wananchi walizoea nchi kuendeshwa kwa amri, na mazoea hayo ndiyo aliyoyarithi Hitler.

Siku hizi mambo huenda polepole zaidi, na mara nyingi huanzia mahakamani. Hungary, mwaka 2010, chama cha Viktor Orbán kilipata takriban asilimia 53 ya kura na theluthi mbili ya viti, wingi unaotosha kubadili katiba. Umri wa majaji kustaafu ukateremshwa kutoka miaka 70 hadi 62. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2012 kwamba hatua hiyo ilivunja sheria za Umoja huo, lakini wengi wa majaji walioondolewa hawakurudi kwenye nafasi zao za awali. Venezuela ilikuwa imetumia njia nyingine mwaka 2004: majaji wa Mahakama ya Juu waliongezwa kutoka 20 hadi 32. Ni nani angeandamana kwa sababu ya umri wa jaji kustaafu, au idadi ya viti vya mahakama? Ndiyo maana huchaguliwa mambo kama hayo.

Siwalaumu wananchi kwa wepesi. Nchini El Salvador watu walichoshwa na magenge yaliyowaua na kuwatoza pesa, na Rais Nayib Bukele aliwapa usalama waliokuwa wakiulilia. Tunisia, Rais Kais Saied aliposimamisha Bunge Julai 25, 2021, watu walitoka kushangilia, maana Bunge lile lilikuwa limewachosha kwa ugomvi huku hali ya maisha ikizorota. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini chini ya mwaka mmoja baadaye Saied alikuwa amevunja Baraza Kuu la Mahakama, chombo kilicholinda uhuru wa majaji, na kuwafukuza majaji 57. El Salvador, wabunge wapya wa upande wa Bukele waliwaondoa majaji watano wa katiba siku yao ya kwanza kazini, Mei 1, 2021. Miezi minne baadaye majaji waliowekwa badala yao wakaruhusu rais agombee tena, na mwaka 2025 ukomo wa mihula ukaondolewa kabisa.

Ndugu Mhariri, habari za namna hii huwekwa kurasa za ndani kwa sababu zinachosha kusoma. Naomba zipandishwe ukurasa wa mbele. Muswada unapogusa uteuzi wa majaji, tume ya uchaguzi, mihula au hali ya hatari, tuelezeni kabla ya kura kupigwa nini kitabadilika na nani atanufaika. Baada ya kura, chapisheni majina ya wabunge wote na upande waliopigia. Wale 94 wa mwaka 1933, wote wa chama cha Social Democratic, walipiga kura ya hapana huku askari wa Hitler wakiwa wamejazana ukumbini. Mbunge anayepiga kura bila kutishwa na mtu hana sababu ya kufichiwa jina.

Msomaji wako