Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaojifunza herufi za Kiebrania

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Tangu tulipoanza kukutana kila Jumamosi alasiri kujifunza Kiebrania, furaha yangu imekuwa kubwa, kwa sababu sikutegemea kwamba katika uzee huu ningepata vijana wa kuwaachia vitabu vyangu. Lakini wiki tatu zilizopita binti mmoja miongoni mwenu alibaki nyuma baada ya somo, akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, akanionyesha jina lake na la mchumba wake yakiwa yameandikwa kwa Kiebrania, chini yake hesabu, na chini ya hesabu mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba majina hayo hayapatani. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama avunje uchumba. Yake tuliyamaliza siku ile ile. Jambo lenyewe, hata hivyo, nimeona linawahusu nyote, ndiyo maana naliandika waziwazi.

Mimi nilizaliwa pwani, katika kitongoji ambacho wenzangu walikwenda chuo cha Kurani kusoma alifu na bee huku sisi tukienda shule ya misheni. Nilipokuwa na miaka kama kumi nilifuatana na mjomba kwa mzee mmoja wa falaki, mpiga ramli, kutafuta mbuzi waliopotea. Mzee aliuliza jina la mjomba na jina la mama yake, akayageuza kuwa hesabu kwa abjadi, yaani kila herufi kuwa na tarakimu yake, alifu moja, bee mbili, jimu tatu, dali nne, akajumlisha, akagawanya, akatoa jibu. Miaka mingi baadaye, nilipofundishwa kwamba Alefu ni 1, Bethi ni 2, Gimeli ni 3 na Daleti ni 4, nilitambua mara moja kwamba ni mpangilio ule ule, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu na mfuatano huo wa herufi una chimbuko moja. Basi ile karatasi ya binti yetu ni ramli iliyobadilishiwa kanzu, na aliyekatazwa ramli kwa Kiarabu hakuruhusiwa kwa Kiebrania.

Tena hesabu yenyewe haina pa kusimama. Chukueni jina Tumaini. Ukiliandika kwa Teti unaanza na 9, ukiliandika kwa Tau unaanza na 400, na hakuna sheria inayokulazimisha kuchagua moja. Chukueni Rehema: ile "h" waweza kuiandika kwa Hee, ambayo ni 5, au kwa Heti, ambayo ni 8. Ndoa ya mtu haiwezi kutegemea mwandishi aliamkaje siku ile. Walimu wa Kiyahudi wa kale, ambao herufi hizi ni zao na hesabu hizi walizijua kuliko sisi, waliandika katika Mishna, kitabu cha mafundisho yao, kwamba hesabu za herufi ni viungo tu vya hekima. Bizari hunogesha pilau, lakini hakuna aliyekula bizari tupu akaondoka ameshiba.

Kuhusu yale mafundisho mnayotumiana kwenye simu, yanayosoma kila herufi kama picha, nitasema kwa ufupi. Ni kweli kwamba jina Alefu linahusiana na ng'ombe, Bethi na nyumba, Daleti na mlango. Lakini mtu akiwaambia kwamba neno "baba", ambalo kwa Kiebrania huandikwa Alefu na Bethi, maana yake ni "nguvu ya nyumba" kwa sababu ya picha hizo, mwambieni aongeze Daleti mwishoni, naye atapata neno la kupotea na kuangamia. Je, nguvu ya nyumba ikifika mlangoni hupotea? Maneno hayapati maana kwa kupangwa picha kama matofali. Hata maumbo ya herufi tunayoyachora ubaoni, haya ya mraba, Wayahudi waliyapokea kutoka kwa Waaramu nyakati za uhamisho wa Babeli na baada yake. Kabla ya hapo waliandika kwa maumbo mengine. Anayejenga fundisho juu ya umbo la herufi na kudai kwamba Musa aliliona umbo hilo, anajenga mchangani.

Msije mkadhani nawafukuza kwenye herufi. Nazipenda, na naamini zina mafundisho ya roho, ila nataka tuyatafute pale ambapo Maandiko yenyewe yameyaweka. Fungueni Zaburi ya 119. Herufi za Kiebrania ni 22, na zaburi hii ina beti 22. Kila ubeti una mistari minane, na mistari yote minane huanza kwa herufi moja, hata ikafika mistari 176. Sisi wa mwambao hatupaswi kuishangaa sana sanaa hiyo, maana washairi wetu wa zamani nao walitunga beti zinazofuata herufi kutoka alifu hadi yee. Sasa angalieni mshairi huyu anazitumia herufi kwa kazi gani.

Kwenye Bethi anaanza na ninyi: "Jinsi gani kijana aisafishe njia yake? Kwa kutii, akilifuata neno lako." Kwenye Daleti, kuanzia mstari wa 25, kati ya mistari minane, mitano inaanza kwa neno "derek", yaani njia: njia zangu, njia ya mausia yako, njia ya uongo, njia ya uaminifu, na mwisho njia ya maagizo ambayo anaahidi kuipiga mbio. Miwili inaanza kwa kitenzi cha kuambatana. Wa 25 unasema nafsi yake imeambatana na mavumbi. Wa 31, kwa kitenzi kile kile, unasema ameambatana na shuhuda za Mungu. Mtu aliyenata kwenye vumbi amebanduliwa akanata mahali pengine, na katikati ya hayo mawili kuna mwendo. Uliobaki, wa 28, ni machozi. Huo ndio ubeti wa Daleti kwangu: miguu inayotembea, na mtu anayelia akiwa njiani bila kusimama.

Halafu njooni kwenye Hee, na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu sisi wenye Kiswahili tuna upendeleo ambao mataifa mengi hawana. Hee ikiwekwa mwanzoni mwa kitenzi cha Kiebrania hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na "-sha" au "-za" mwishoni: kumfanya mwingine atende. Mistari saba ya kwanza ya ubeti huu yote imeanza kwa vitenzi vya namna hiyo, na waliotutafsiria Biblia walivisikia vizuri: unifundishe, unifahamishe, uniendeshe. Hasemi "nitafahamu", anasema "unifahamishe". Hasemi "nitakwenda", anasema "uniendeshe". Hasemi hata kwamba atayageuza macho yake yasitazame ubatili, anamwomba Mungu ayageuze. Tuliposoma Daleti tulidhani mwendo ni wetu. Hee inatuambia nani anayetuendesha, na kijana anayeitafuta siri ya herufi hii namwambia siri yake ni hiyo, wala haiuzwi kwenye kidani.

Nimetaja vidani kwa makusudi, kwa sababu nimewaona wawili wenu mmevaa herufi ya Shini mkiambiwa ni kinga. Wayahudi huiandika Shini kwenye kijaluba wanachokipigilia kwenye miimo ya milango, lakini ndani yake kuna kipande cha ngozi chenye maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, "Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja," na kinachobeba uzito ni maneno hayo. Watu hao hawako mbali nasi. Jirani zetu Waabayudaya wa Uganda, karibu na Mbale, waliishika dini hiyo tangu wakati wa kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka 1919, na Idi Amin alipoipiga marufuku wengi waliiacha, wachache wakaendelea kuabudu kwa siri. Aliyesali maneno hayo akijua anaweza kukamatwa, herufi kwake haikuwa pambo. Naomba tuziheshimu kama mali ya watu walio hai.

Katika maneno hayo ya "Bwana ndiye mmoja" kuna jambo la Daleti na Reshi. "Mmoja" ni "ehadi", inaishia kwa Daleti; "mwingine" ni "aheri", inaishia kwa Reshi; na tofauti ya Daleti na Reshi ni kijipembe kidogo tu juu upande wa kulia. Waandishi wa Torati huiandika Daleti hiyo kubwa kuliko jirani zake ili msomaji asije akateleza kutoka kwa Mungu mmoja akaangukia mungu mwingine. Bwana Yesu aliposema kwamba "yodi moja wala nukta moja ya torati haitaondoka", yodi ni ile herufi ndogo kuliko zote, na kwenye "nukta" Kiyunani chake kinazungumzia hasa kijipembe cha namna hiyo, kwa kuwa nukta za irabu hazikuwapo bado. Lakini wengi wetu tunaishia hapo. Mstari unaofuata, Mathayo 5:19, unamtaja "atakayezitenda na kuzifundisha". Angalieni kipi kimetangulia.

Mpangilio huo niliukosea, na sioni haya kuwaambia. Nilitoka kusoma nikiwa na miaka 27, na juma lile lile nikamsahihisha mwinjilisti mmoja mzee mbele ya watu, nikieleza Daleti na Reshi kwa ufasaha, naye hakuijua herufi hata moja. Alinishukuru. Siku chache baadaye nilipita kwa jirani yetu aliyekuwa na vidonda miguuni, ambaye nilikuwa sijamtembelea tangu nirudi, nikamkuta mzee yule amechuchumaa kando ya kitanda cha kamba, akimwosha mgonjwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kidole kwa kidole. Aliniona, akaninyoshea taulo bila neno. Nililishika. Mpaka leo nikichora kile kijipembe ubaoni nalikumbuka taulo lile.

Kwa hiyo naomba tubadilishe utaratibu wetu. Kila Jumamosi tutachukua ubeti mmoja tu, tuandike mistari minane kwa mkono, kisha kila mmoja aondoke na mstari mmoja wa kwenda kuutenda, na Jumamosi inayofuata, kabla ya kugusa herufi mpya, tuelezane ulikwendaje. Aliyeshindwa asiogope kusema. Itatuchukua wiki 22. Tutakapofika Tau, herufi ya mwisho, tutamkuta mshairi aliyezipita herufi zote akifunga zaburi kwa kusema ametangatanga kama kondoo aliyepotea, na neno hilo la kupotea ni lile lile la Alefu, Bethi na Daleti nililowaandikia hapo juu. Anaomba atafutwe. Siku hiyo nitapenda tuusome mstari huo wa 176 tukiwa tumepiga magoti, nami nitakuwa pamoja nanyi, Mungu akinijalia uhai.

Ni mimi mzee wenu na mwalimu wenu.