Kwa waitikiaji wa studio, kabla hamjasogea mbele

Wanangu waitikiaji,

Nawaandikia ninyi mnaoitwa studio usiku kuongeza sauti kwenye kiitikio, mkalipwa mkononi, kisha wimbo ukavuma redioni na majina yenu hayamo. Wengi wenu mnataka kusimama peke yenu. Ni haki yenu. Ila msitoke huko nyuma mikono mitupu.

Tazameni alivyofanya mwimbaji Luther Vandross wa New York. Mwaka 1974 alifuatana na rafiki yake, mpiga gitaa Carlos Alomar, hadi studio ya Sigma Sound, Philadelphia, ambako mwimbaji Mwingereza David Bowie alikuwa akirekodi albamu yake Young Americans. Akasikia wimbo, akapendekeza kiitikio, Bowie akakipenda na kumpa kazi ya kupanga sauti. Wimbo wa Luther mwenyewe ukafanyiwa mabadiliko ukawa Fascination, na jina lake likaandikwa pale kama mtunzi mwenza. Hakutoka na posho tu.

Baada ya hapo mambo yalikwama. Kundi lililobeba jina lake lilitoa albamu mbili, 1976 na 1977, hazikuuza. Akarudi kuitikia wengine, akaimba matangazo ya biashara, na pesa hizo akazitia katika kurekodi nyimbo zake. Albamu yake Never Too Much ilipotoka mwaka 1981, yeye ndiye aliyekuwa prodyuza wake. Alikuwa na miaka 30.

Mwimbaji Darlene Love wa Marekani yalimkuta mengine. Mwaka 1962 aliimba He's a Rebel, ukashika namba moja Marekani, lakini santuri ikatoka kwa jina la kundi jingine, The Crystals. Naumia kila nikiusikia.

Kwa hiyo ulizeni mapema jina litaandikwaje. Kama melodia ya kiitikio mmeibuni ninyi, semeni siku ile ile, tena kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu kwa prodyuza. Walio Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda hata wasanii waimbaji, si watunzi peke yao. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkaulize.

Kazi ya nyuma ni shule kubwa. Watatu wakikata irabu ya mwisho kwa pamoja, pasiwe na mmoja anayeburuta "a" yake, hilo ni sikio ambalo waimbaji wengi wa mbele hawana. Lakini shule hiyo inawafundisha pia kujificha ndani ya sauti za wenzenu, na tabia hiyo huonekana mtu akibaki peke yake: anaimba kama anamsubiri mwenzake aingie. Jirekodini kwa simu, wimbo mzima, beti zote, bila wa kuwaitikia. Sikilizeni mnapofifia.

Na asiyetaka kwenda mbele asisukumwe. Lisa Fischer, aliyemwitikia Luther, alipata tuzo ya Grammy kwa wimbo wake mwenyewe, kisha akaendelea miaka mingi kuwaitikia bendi ya Rolling Stones. Abaki nyuma anayependa, mradi malipo na jina lake vijulikane kabla maikrofoni haijawashwa.

Mzee wenu