Mafundi wajifunze kuchunguza programu ikiwa kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Ofisi nyingi hapa Arusha, za ushirika na za watalii, zinategemea programu ambazo waliozitengeneza hawapatikani tena wala hawakuacha msimbo chanzo, yaani maandishi ya asili ambayo programu ilitengenezwa kwayo. Ikikwama, fundi huizima na kuiwasha, basi.

Iko njia bora zaidi. Valgrind, programu ya kukagua programu nyingine iliyotolewa mwaka 2002, huichukua programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, huitafsiri upya kipande kwa kipande wakati inaendeshwa, na katika kila kipande huchomeka maagizo ya ukaguzi, hata fundi akaona mahali hasa ambapo kumbukumbu ya kompyuta imetumika kabla ya kujazwa thamani au baada ya kuachiliwa. Gharama yake si ndogo, kwa kuwa ukaguzi huo huweza kuipunguza kasi programu mara 10 hadi 50, kwa hiyo asithubutu mtu kuujaribu kwenye kaunta ya malipo mwisho wa mwezi! Kwa mashine zilizo kazini inafaa zaidi DTrace, zana nyingine ya uchunguzi iliyokuja na mfumo endeshi wa Solaris 10 mwaka 2005, ambayo huweka vituo vya uchunguzi pale tu vinapohitajika na kuviondoa kazi ikiisha.

Valgrind hailipiwi, na inaendeshwa kwenye mfumo endeshi wa kawaida wa Linux. Naviomba vyuo vya Arusha na Moshi viifundishe kwa vitendo, pamoja na masharti ya leseni, maana si kila mkataba unaruhusu kuifungua programu ya mwingine.

Mtunza mifumo,
Njiro, Arusha