Kaka, nyasi zifyekwe, mpira usifyekwe

Kaka yangu,

Habari za Bombo? Wifi na watoto hawajambo? Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu nikipiga simu unasema mtandao mbaya, na pia kwa sababu wazazi wengi wanaoleta mabinti zao Lugogo kwenye mazoezi ya softiboli, mchezo wa kupiga kwa gongo mpira unaorushwa, wanasumbuliwa na ugonjwa kama wako. Wanasimama nyuma ya pleti, kile kibao cha chini anaposimama mpigaji, wakipaza sauti: "Piga kwa nguvu! Fyeka!"

Binti yako mtiifu, basi anafyeka kweli. Mpira ukija, anatanguliza mikono, bega la nyuma linaanguka, na kichwa kimeshageuka kuangalia mpira utakapoangukia ilhali haujagongwa bado. Najua ametoa wapi. Nimekuona na fyekeo tangu tukiwa wadogo, unapiga mkono mmoja kutoka juu kwenda chini, na uwanja mzima unakuwa mweupe kabla ya saa nne. Ila nyasi zimesimama zinakungoja. Mpira wa softiboli, kwa watoto wa umri wake, unatoka kwa mrushaji aliye kama mita 12 mbele yake, unaachiliwa chini usawa wa nyonga, na unafika kabla sekunde moja haijaisha. Katika muda huo aamue kama ni wa kupiga, kisha aupige. Mikono peke yake haiwezi kazi hiyo.

Nguvu inaanzia chini. Kabla mpira haujaachiliwa, uzito urudi kidogo kwenye mguu wa nyuma na mikono irudi nyuma karibu na bega. Halafu mguu wa mbele upige hatua fupi, utue taratibu, vidole vikiwa bado vinaelekea pleti zaidi kuliko uwanjani. Ukishatua, nyonga ndiyo inayogeuka kwanza, kifua kinafuata, mikono inakuja mwisho na gongo nyuma yake. Ukitaka kujua kama nyonga imegeuka, usiangalie gongo. Angalia kisigino cha nyuma: kikibaki kimebandikwa chini, kiuno hakijafanya kazi. Kuna makocha wanaowaambia watoto wakanyage na kuusokota mguu huo kama wanaoua mdudu. Mimi siipendi, kwa sababu mtoto anaanza kucheza na mguu na kusahau nyonga. Kiuno kikigeuka sawasawa, kisigino kitanyanyuka chenyewe.

Ushikaji nao urekebishe. Gongo analiweka katikati ya kiganja na kulikaba, mpaka viwiko vinakakamaa. Lilale kwenye vidole, na vile vifundo vya vidole anavyobishia hodi, vya mkono wa juu na wa chini, vikae karibu mstari mmoja. Wakati wa kugonga, kiganja cha mkono wa juu kitazame mbinguni na cha mkono wa chini kitazame ardhi. Akiwahi kuvigeuza, mpira unabiringika chini upande wa besi ya tatu, kile kituo cha kukimbilia kilicho kushoto ukitazama uwanja kutoka kwenye pleti, na hilo ndilo tunaloliona kila Jumamosi.

Sasa mazoezi ya nyumbani, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Acha kumrushia mipira mia jioni ukiwa umechoka na kazi. Tafuta kopo la rangi, mimina zege, simamisha paipu katikati, na juu yake ubane kipande cha mpira wa hosi ili mpira ukae. Kimo kiwe kiunoni mwake. Akiwa tayari amesimama, mpira uwe mbele ya tumbo lake, usawa na mahali mguu wa mbele utakapotua. Wengi wanauweka katikati ya miguu, basi mtoto anajifunza kupiga akiwa amechelewa. Mbele mtundikie neti ya zamani au blanketi, na umwache apige. Mpira wenyewe utamwambia. Akigonga paipu, mikono imeshuka kabla ya kwenda mbele. Mpira ukipaa moja kwa moja juu, bega la nyuma limeanguka tena. Ukiruka ulionyooka kama unaelekea kichwani kwa mrushaji, usiseme chochote, mwongezee mpira mwingine.

Akilichoka kopo, mpe mpini wa ufagio na umrushie punje za mahindi ukiwa umepiga goti pembeni yake. Usicheke. Mchezo huu ulianza hivyohivyo Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo, kwa glovu ya ndondi iliyofungwa kamba ikawa mpira na mpini wa ufagio ukawa gongo. Punje ni ndogo, kwa hiyo jicho linalazimika kuifuata mpaka mwisho, na mpini ni mwepesi, hauwezi kumvuta mwili. Kuku nao watakushukuru.

Umemwambia atafika Marekani kama vijana wa Lugazi waliocheza Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kwenye mashindano yale ya dunia ya besiboli ya watoto. Kumbuka wenzao waliofuzu mwaka uliotangulia walinyimwa viza, kwa hiyo ahadi nyingine tusizitoe sisi. Ameniuliza pia kuhusu Olimpiki ya 2028, kwamba softiboli inarudi, na nikamwambia ni kweli, ingawa Olimpiki hiyo ni ya Los Angeles, softiboli itachezewa Oklahoma City. Alifurahi. Ana miaka kumi na moja, furaha hiyo inamtosha.

Siku ya mechi, wewe na mimi tukae upande wa besi ya tatu, mbali na pleti. Akiwa anasubiri mrushaji, kichwa chake hakiwezi kubeba bega, kiwiko, mguu na sauti ya baba. Mazoezini chagua kitu kimoja tu kwa wiki. Wiki hii ni kisigino, na bega tutalifikia baadaye. Mimi ni shangazi yake, hili nalisema kwa mamlaka yangu yote.

La mwisho ni gongo. Lile jeusi ulilomnunulia, inchi 33, ni zuri sana na najua halikuwa rahisi. Lakini mwambie alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe pembeni usawa wa bega, ahesabu polepole mpaka ishirini. Nilimjaribu, mkono ulianza kutetemeka kabla ya kumi. Nitamwazima la inchi 29 kutoka kwenye mfuko wa klabu. Hilo lako litie mfukoni, uliweke juu ya kabati hadi afike kidato cha pili.

Dada yako, Kampala